Fundi aliyetupitishia umeme ukutani mpaka kwenye pampu ya puli, Luchelele Mwanza: nyota nne na nusu

Jamani naandika hii kwa wenye nyumba na wenye lodge huku Mwanza ambao wana puli (bwawa la kuogelea) au ndo wanajenga, maana naona zinaongezeka sana kuanzia Capri Point mpaka Bwiru mpaka huku kwetu Luchelele, na umeme wa hizo puli wengi tunampa mtu yeyote mwenye tesita na plaizi. Sisi tulimpata fundi wa maana. Nampa nyota nne na nusu, hiyo nusu niliyokata nitaieleza huko chini, ila kwanza mjue alifanya nini, kwa sababu kazi yake karibu yote imejificha ukutani na ardhini, ukija kwetu leo utaona kijiboksi cha kijivu nje ya ukuta na kebo nyeusi inayoshuka, basi, huwezi kujua kama imefanywa vizuri au ovyo.

Nyumba ni ya baba mdogo, mimi ndo naisimamia, tunapangisha vyumba vichache kwa wageni wa wikiendi. Watu wanatuuliza ziwa hilo hapo chini puli ya nini, jibu ni kichocho. Maji ya kando ya ziwa yenye majani ndo yana konokono wanaobeba kichocho, na kile kidudu kinapenya kwenye ngozi tu, mtoto hahitaji hata kuyanywa maji. Kwahiyo puli tuliiona ni lazima, na ikishakuwepo inataka pampu na filta zifanye kazi kila siku la sivyo maji yanageuka kijani.

Sasa pampu yetu ni ya hospawa 1, na waliojenga puli walituachia umeme wake wa ajabu sana. Soketi ipo ndani stoo, waya mwembamba wa ekstensheni unapita dirishani, unashuka kwenye nyasi, katikati una kiungo kimefungwa tepu nyeusi, unakwenda mpaka kibanda cha pampu. Walisema ni wa muda. Kijana anayekata majani alikuwa anausogeza kwa mguu ili apite na mashine, asubuhi nyasi zimelowa umande, na watoto wanatoka kwenye puli wanakimbia miguu peku hapo hapo. Dirisha nalo halifungi kabisa kwa hiyo mbu na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama wingu jioni wote wanaingia stoo. Nilikuwa silali vizuri kwa kweli.

Huyu fundi nilielekezwa na mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mkuyuni. Kitu cha kwanza kilichonifanya nimwamini, nilimpigia nikamuuliza bei akakataa kutaja. Akaniambia dada bila kuona ukuta na bila kupima ethi (ile njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja) nitakudanganya. Alipokuja nikamuomba leseni ya EWURA akaitoa bila kununa, na hili nawashauri wote muulize, leseni za ufundi umeme zinatolewa na EWURA na zina madaraja, fundi mwenye nayo hakwepi swali. Halafu akafungua begi, ana mita ya kawaida, ana mega ya kupimia kama ngozi ya waya inavuja, ana kifaa cha kupimia ethi chenye nyaya ndefu na vijiti vya chuma vya kuchomeka ardhini, na ana kingine cha kupimia kama ile swichi ya kukata umeme inakata kwa wakati. Mafundi wote waliowahi kuja pale hakuna hata mmoja niliyemuona na hivyo vitu.

Nianze na ukuta. Ukuta wetu ni wa block na nje umebandikwa mawe ya urembo, yale ya kwetu huku, magumu. Fundi hakutoboa mara moja, alizunguka kwanza ndani na kifaa kidogo kinacholia kikikuta waya au chuma, akapata njia ya waya wa taa ya nje ambayo hata sisi hatukujua ipo, akasogea pembeni. Akasema hatoboi kwenye linta wala kwenye nguzo kwa sababu kuna nondo na ndo zinabeba nyumba, na hatoboi chini kabisa kwa sababu mvua ikipiga inaruka kutoka sakafuni inalowesha ukuta, akachagua sehemu ya katikati usawa wa kifua hivi. Akaanza na biti nyembamba ndefu kutokea ndani mpaka ichomoze nje, kisha akaenda nje akatumia biti nene akirudi ndani, kwa sababu ukitoboa na biti nene kutoka ndani moja kwa moja ile plasta au jiwe la nje linabanduka kipande kizima likifika mwisho.

Na tundu hajalinyoosha! Limeinama kidogo kuelekea nje. Nilimuuliza mbona limepinda, akaniambia maji yakiingia yatoke yenyewe, tundu likiinamia ndani mvua ya masika itakuletea maji mpaka kwenye boksi la breka. Akaingiza kipande cha bomba la plastiki, kebo ikapita ndani ya bomba siyo kwenye block tupu, maana block inakwangua ngozi ya waya kidogo kidogo. Mwisho akaziba pande zote mbili na silikoni, nje kwa ajili ya mvua, ndani kwa ajili ya mijusi na siafu. Wenye nyumba za kando ya ziwa mnaelewa, boksi lisilozibwa huku baada ya msimu mmoja ukilifungua limejaa wadudu wakavu na viota vya mchwa.

Lile boksi la nje nalo linazuia maji, ila alichosisitiza ni kwamba kebo iingilie kwa chini siyo kwa juu, na kabla ya kuingia ishuke kidogo halafu ipande, ili maji yanayotiririka kwenye kebo yadondoke pale chini yasifuate njia mpaka ndani. Nimeangalia baada ya hapo maboksi ya majirani, karibu yote yameingizwa kwa juu.

Kebo aliyotumia ni ya amadi, ile nyeusi yenye nyaya za chuma zimezunguka ndani, nyuzi tatu, milimita 2.5. Baba mdogo aliuliza kwanini isiwe ya 1.5 ni rahisi zaidi, fundi akapiga hesabu hapo hapo kwenye simu: pampu inakula kama ampea 6, umbali ni kama mita 30, kwa 2.5 unapoteza volti 3 na kidogo tu, na umeme wetu wenyewe huku jioni ukiwa tayari umeshuka hutaki kuupunguza tena njiani kwa sababu mota ikipata volti ndogo inavuta ampea nyingi inachemka inaungua. Pia mota inapoanza inavuta mara tano sita ya kawaida kwa sekunde chache, ndo maana akaweka breka ya ampea 16 ya aina C inayovumilia ule mshtuko.

Kuzika kebo ndo tulipata shida ya Mwanza. Utaratibu mzuri ni kuchimba kama sentimita 60, unaweka mchanga, kebo, mchanga tena, na ule mkanda wa njano wa tahadhari juu yake ili mtu akichimba baadaye ashtuke kabla hajaikata. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri, baada ya hapo jembe likagonga mwamba. Mji wa mawe huu, hakuna ujanja. Fundi hakufukia juu juu ili amalize, alibadilisha njia, kebo ikapanda kwenye ukuta wa uzio na kufungwa na vibano vya chuma mpaka kibandani. Akasema kebo iliyofukiwa juu juu ni mbaya kuliko inayoonekana, maana inayoonekana hakuna atakayeipiga sururu. Hapo gharama iliongezeka mita kadhaa za kebo, nikaona ni sawa.

Sasa ethi, na hapa naomba msome taratibu maana hata mimi sikuwa naelewa mpaka aliponikalisha chini akanieleza.

Ile rodi ya ethi iliyowekwa wakati nyumba inajengwa, aliipima ikasoma zaidi ya omu 400 (omu ni kipimo cha ukinzani, namba ikiwa kubwa umeme unapita kwa shida). Akanionyesha rodi yenyewe, imekatwa, yaani aliyeiweka aligonga mwamba akaikata iliyobaki ikaonekana imezama yote. Fundi akaniambia hebu piga hesabu dada, volti 230 gawanya kwa 400, unapata kama nusu ampea. Siku mota ya pampu ikivuja umeme kwenye bodi lake la chuma, kitakachokwenda ardhini ni nusu ampea tu, breka ya ampea 16 itaona hamna tatizo lolote, haitaanguka yaani haitakata umeme, na pampu itabaki na umeme kwenye bodi usiku kucha ikisubiri mtu ashike. Nilisisimka mwili.

Akatafuta sehemu ya chini kuelekea ziwani kwenye bustani ya mboga ambako udongo una unyevu, rodi ikaingia yote, akaongeza nyingine kwa umbali, akaziunganisha na waya wa kopa mtupu uliozikwa. Ikashuka mpaka omu 85 hivi. Na alipima kiangazi makusudi, akasema ukipima masika udongo umelowa utapata namba nzuri ya uongo halafu mwezi wa nane inapanda. Nilimuuliza kuhusu ile ya kumwaga chumvi na mkaa kwenye shimo ambayo mafundi wengi wanafanya, akasema chumvi mvua inaiosha inaondoka, na ikiwepo inakula rodi, hafanyi.

Ila sikilizeni, hata kwa hiyo 85 breka bado haianguki, maana ni ampea 2.7 tu. Kinachokuokoa ni ile swichi ya ethi likeji, RCD wengine wanaita, ya miliampea 30. Hii inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, ukipungua miliampea 30 ukirudi ina maana kuna sehemu unavuja, labda kwenye mtu, inakata. Balbu ya LED ya wati 10 inatumia zaidi ya hiyo miliampea 30, kwahiyo fikiria ni umeme mdogo kiasi gani, lakini ndo kiwango ambacho kikipita kifuani moyo unaweza kuvurugika. Breka ya kawaida ni ya kulinda waya usiungue, haijatengenezwa kulinda binadamu. Alipoipima kwa kifaa chake ilikata kwa milisekunde 20 na ushee. Kuna kitufe kimeandikwa T juu yake, nimeambiwa nikibonyeze kila mwezi, na akanionya kile kitufe kinapima swichi yenyewe tu, hakipimi ethi, ethi inabidi aje na kifaa.

Vyuma vyote vya pale, ngazi ya puli, fremu ya pampu, nondo zilizochomoza kibandani, kavifunga pamoja na waya mmoja wa kijani na njano. Sababu ni kwamba mtu aliyelowa akishika ngazi mkono mmoja na mwingine anagusa pampu, vyote viwe na umeme sawa, pasiwe na tofauti ya kupita mwilini mwake.

Akapima pia kwa futikamba kutoka ukingo wa puli. Viwango vya kimataifa vinahesabu mita 2 za kwanza kuwa ukanda wa hatari, halafu mita 1.5 nyingine ukanda wa pili, kwahiyo soketi na swichi za kawaida alizisukuma zote nje ya mita 3.5. Ile isoleta ya kuzimia pampu ipo mlangoni mwa kibanda, unaiona, unaifikia, lakini mtu aliye ndani ya maji hawezi kuigusa.

Halafu likaja suala la taa. Baba mdogo alikuwa ameagiza taa ya kuweka ndani ya maji, nzuri, inabadilisha rangi, ila ni ya volti 230. Alimpa fundi aiunge. Fundi akaikagua, akamfuata baba mdogo barazani.

"Shikamoo mzee, samahani, naomba tuongee kidogo kuhusu hii taa."

"Marahaba. Ina nini? Imeandikwa haiingizi maji."

"Ni kweli mzee, leo haiingizi. Mpira wake ukichoka itaingiza, na hizi ni volti 230 ndani ya maji wanamoogelea wajukuu zako. Mimi siiungi. Ukipata mwingine wa kuiunga sina neno, ila kwenye boksi langu umeme wake hautoki."

Baba mdogo alikasirika kwa kweli, alisema pesa imeshatoka, akaondoka. Fundi akaendelea na kazi nyingine kimya kimya hakubishana wala hakurudi nyuma. Kesho yake mzee akaja mwenyewe akamuuliza sasa inayofaa ni ipi. Inayofaa ni ya volti 12 yenye transfoma yake, na transfoma inakaa mbali na maji, yetu ipo stoo ndani. Ile ya mwanzo tumeirudisha na sehemu ya pesa imepatikana. Kwangu mimi hapa ndo nyota zote alizipata, kwa sababu fundi anayemkatalia mwenye hela ili kulinda watoto asiowajua, mtu kama huyo mrudie hata kama ni ghali.

Mambo madogo madogo mengine: aliweka kifaa cha kuzuia mshtuko wa radi kwenye boksi la breka, na hili kwa watu wa ziwa msilione anasa, Ziwa Victoria ni moja ya sehemu zenye radi nyingi duniani na pampu haipendi. Aliweka taimeri, pampu inawaka masaa 7 kwa siku, kwenye LUKU inakula kama uniti 7 na nusu hivi kwa siku mjipange. Alikagua jenereta yetu pia, akasema jenereta nyingi ndogo nyutro yake (waya wa kurudisha umeme) haijafungwa kwenye ethi na hapo ile swichi ya kuokoa mtu haifanyi kazi umeme ukikatika mkahamia jenereta, akairekebisha na kuipima upya ikiwa inanguruma. Na alitutoa ndoo za klorini kwenye kibanda cha pampu, zile hewa zake zinakula kopa na skrubu za kwenye boksi, kweli tulipofungua lile la zamani ndani palikuwa pameota kijani.

Nusu nyota niliyokata. Kwanza jiwe moja la urembo lilipasuka wakati wa kutoboa pamoja na tahadhari zote, alilibadilisha kwa pesa yake sikatai, ila alileta jiwe jeupe kuliko wenzake na linaonekana kutoka getini. Pili vumbi. Stoo tunaweka unga na mchele, alitandika turubai dogo halikutosha, tulisafisha siku nzima. Tatu muda, akisema saa 2 asubuhi anafika saa 4, na simu hapokei akiwa juu ya ngazi, naelewa usalama lakini basi atume hata meseji. Na mchoro wa njia ya kebo nilimdai mwenyewe, alipaswa kuutoa bila kuombwa. Sasa upo, umebandikwa ndani ya mlango wa boksi la breka, na vipimo vyote vya siku ile na tarehe yake.

Bei. Vifaa na ufundi jumla ilikuja kama milioni 1 na laki 3, kebo ya amadi ndo ilikula nyingi. Kuna fundi mwingine alitaka laki 2 tu kila kitu, nikamuuliza ethi atapima na nini akasema ataunga balbu kati ya laini na ethi, ikiwaka basi ipo. Piga hesabu mwenyewe, ethi ya omu 400 ukiunga balbu ya LED inawaka vizuri tu.

Jina lake na namba siandiki hapa sijamuomba ruhusa, mwenye shida aniandikie inbox nitamuuliza kwanza halafu nitakuunganisha. Anafanya Jumatatu mpaka Jumamosi, anachukua nusu ya pesa ya ufundi kabla na nusu akishapima mbele yako, vifaa unanunua mwenyewe kwa orodha yake na risiti unabaki nazo wewe. Ukimuita mwambie mapema kama ukuta una mawe ya urembo ili aje na biti zake za mawe, na wewe hamisha unga.